Katangi Si Mlima

Goti moja lilikuwa Kenya, jingine lilikuwa Uganda, na mwenye magoti alikuwa anatokwa na kamasi. Hivyo ndivyo nilivyomwona kwa mara ya kwanza kijana aliyetaka kuwa mkwe wangu: ndani ya simu ya Pauline, kiongozi wetu wa kwaya, nje ya kanisa hapa Mitaboni, misa ikiwa ndiyo kwanza imekwisha na akina mama wamenizunguka kama kuku waliomwagiwa mtama. Kijana alikuwa amevaa koti lililofura na kofia ya sufu iliyomshuka hadi kwenye nyusi. Nyuma yake palikuwa na mawe, ukungu, kisha mawe tena. Mbele yake alisimama binti yangu Mutheu, mikono mifukoni, anamtazama tu.

"Hapo ni juu kabisa Mlima Elgon," Pauline akatueleza, utadhani yeye ndiye aliyeupanda. "Kile kilele cha mpakani. Huyu kijana goti moja ameliweka kwetu, lingine kwa Waganda. Mama Mutheu, si hayo ni maajabu?"

"Maajabu gani? Hata mwanambuzi hupiga magoti akitaka kunyonya."

Wakacheka, maana wamenizoea. Video ikaendelea. Kijana alikuwa ameshika kisanduku cha pete, na Mutheu hakusema neno. Upepo ulikuwa ukivuma mpaka simu inalia. Tukangoja.

"Mjibu basi, mtoto mjinga wewe!" nikaiambia simu. "Mtoto wa watu ataganda!"

Hatimaye akaitikia kwa kichwa, watu wasioonekana wakapiga mayowe, na Pauline akairudisha video mwanzo ili waliokuwa bado wanakusanya watoto nao wapate kuona. Nikafunga leso yangu vizuri nikaenda zangu nyumbani.

Nataka nieleweke mapema. Mimi, Nzembi, ni mtu wa dharau. Wengine Mungu aliwapa sauti ya kuimba, mimi akanipa mdomo wa kubetua, na sijawahi kuuficha. Lakini katika vyote nilivyowahi kuvibetulia mdomo, hakuna kilichostahili kama mlima ule. Sisi wa vilima hivi vya Iveti maisha yetu ni kupanda. Nimepanda na mtungi wa maji mgongoni, kamba yake imenikaa kipajini mpaka ikaniachia bonde unaloweza kulipapasa hata leo. Nimepanda na kuni, nimepanda na samadi, nimepanda na mimba ya huyo huyo Mutheu, na kule juu sikumkuta mtu ananingojea kwa makofi. Asubuhi ikiwa safi, ukisimama nyuma ya choo chetu unauona Mlima Kenya upande huu na Kilimanjaro upande ule, bure kabisa, na sijasikia mtu amepiga goti pale. Sasa anatokea kijana wa Mumbuni, mahali pa lami na maji ya mfereji, anapanda gari kutwa nzima, anatafuta askari wa wanyamapori mwenye bunduki wa kumsindikiza, analala ndani ya hema, yote hayo ili akachukue baridi huko na kushuka nayo. Na huo mpaka wenyewe! Waliofika wanasema hakuna uzio wala lango, ni jiwe tu limekaa. Goti lenyewe halikujua liko nchi gani.

Mutheu ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kitale, chini ya mlima huo huo. Nilimlaumu mlima kwa kumzoesha upuuzi. Mtoto akifungua dirisha la darasa kila siku anaona kitu kikubwa kisichofanya kazi yoyote, utamtarajia awe na akili gani? Nilimwambia hivyo kwenye simu. Akacheka, akasema, "Mama, wewe ngoja umwone kwanza."

Nikamwona. Alikuja shule zilipofungwa, amenyoa vizuri, amebeba sukari, majani ya chai na unga wa ngano, kama alivyofundishwa na mama yake bila shaka. Lenny ndilo jina lake. Anafanya kazi katika ofisi ya kiwanda kimoja huko Athi River. Mume wangu Aloys alimpokea kwa mikono miwili, wakazungumza habari za mvua, mpaka nikachoka.

"Wewe ndiye wa mlima?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa umepoteza nini huko juu?"

"Sikuwa nimepoteza kitu, mama. Mutheu ndiye aliniambia niende."

"Ahaa. Kwa hivyo akikuambia uingie kisimani, utaingia."

"Nitauliza kwanza kama kina maji," akasema, kwa adabu yake yote.

Aloys akacheka hadi chai ikampalia. Mimi nilitazama ndani ya kikombe changu, kwa sababu kicheko kilikuwa kimenifika kooni na sikuwa tayari kumpa kijana yule zawadi ya namna hiyo. Nilijiambia: mwanamume anayepanda mlima kwa kuambiwa, huyo ataambiwa mengi.

Basi wakapanga siku ya kuleta ntheo. Msomaji asiye Mkamba naye aelewe: kwetu unaweza kufunga ndoa kwa askofu ukipenda, na tarumbeta zikalia, lakini mke si wako mpaka mbuzi watatu wa ntheo wafike kwao na mmoja achinjwe pale uani. Ukoo utakula, na tangu hapo hata kifo hakiwezi kusema hamkuoana. Bila mbuzi hao, mwanamke ni msichana wa kwao aliyechelewa kurudi nyumbani.

Siku hiyo nyumba yetu ilipendeza. Nilichinja kuku, nikapika pilau, nikapaka sakafu rangi nyekundu hata kwenye kile chumba ambacho hakuna mgeni angekiingia. Wazee wa akina Lenny wakaja wakiongozwa na baba yake mkubwa, mzee Muindi, mtu mrefu mwenye kofia ya ngozi. Mbuzi watatu walitembea mbele, wamenona, manyoya yanang'aa kama waliooshwa kwa sabuni. Nilitafuta kasoro kwa bidii. Nilizunguka kule nyuma mara mbili, nikawakagua kwato. Sikuona kasoro, nikakasirika.

Kwa upande wetu aliketi Aloys na koti lake la Krismasi, Muthoka ambaye ni binamu yake na mzee wa ukoo, na kaka yangu Ndunda, aliyekuja kutoka kwetu Katangi kama mjomba wa binti. Muindi akaeleza kilichowaleta, kwa mafumbo mazuri, habari za ua walilolichungulia likiwa juu ya mlima. Muthoka akaitikia kwa mafumbo yake. Kisu kikaletwa. Hapo ndipo Ndunda alipojikohoza, akasimama, akapangusa suruali magotini.

"Mbuzi wa Mutheu nimewaona," akasema polepole. "Ni wazuri sana, hatuna neno. Lakini mimi ni mzee sasa na macho yangu si mazuri. Naomba mnisaidie. Wale wa mama yake wako wapi?"

Asi! Hata kuku waliobaki walinyamaza. Maana kila Mkamba aliyeketi pale aliijua sheria: mwanamume ambaye hakupeleka ntheo ya mke wake hawezi kupokea ya binti yake. Mkono ambao haujatoa haupokei. Akipokea akala, wazee wanasema amekula mtoto wake mwenyewe. Na hakuna mganga wala padri wa kukwepesha jambo hilo, ila kwenda kule kulikoachwa, kuanzia pale palipoachwa.

Nilimtazama Aloys. Alikuwa akitazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza amevivaa.

"Kaka," akasema hatimaye, "hilo jambo tungeliongea sisi wenyewe, kando."

"Tumeliongea kando miaka thelathini," Ndunda akajibu. "Baba yetu aliliongea kando mpaka akazikwa."

Kisu kikarudishwa jikoni. Wageni wakala pilau na kuku, tena walikula kwa heshima, bila kuulizana jambo. Muthoka akaomba mbuzi wabaki kwetu wakiwa wamefungwa, wasichinjwe wala wasirudishwe, mpaka la zamani limalizike. Lenny alinishika mkono kwa mikono miwili wakati wa kuaga. "Asante kwa chakula, mama," akasema. Nilitafuta usoni mwake ile dharau ambayo mimi ningekuwa nayo kama ningekuwa yeye. Haikuwapo, na jambo hilo liliniudhi kuliko yote yaliyotokea siku ile.

Kila mtu ana kitu anachokitupia blanketi mgeni akibisha hodi. Changu kilikuwa hicho. Nilikuja Mitaboni nikiwa msichana, na mfuko mmoja wa nguo, kwa sababu Aloys alisema mavuno yajayo mbuzi watafika Katangi. Mavuno hayo yalikauka. Yaliyofuata tukalipa hospitali. Kisha tukajenga. Kisha baba yangu akafariki, na Aloys akasema mtu hawezi kwenda kuongea habari za mbuzi katika nyumba yenye msiba. Padri alikuja akatubariki pamoja na wengine wa namna yetu, tukapigwa picha. Niliitundika picha hiyo sebuleni, nikaanza kuwadharau wanawake ambao waume zao hawaendi kanisani. Nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa naliona, ila nilikuwa nimelikalia.

Jioni tulikuwa tunaosha sufuria, mimi na Mutheu, na mbuzi watatu wakilia nyuma ya nyumba. Nikasema lile nililolizoea.

"Haya yote ni ya huo mlima wenu. Mtu angekuja hapa kimyakimya, kama watu, hata Ndunda asingepata habari."

Mutheu akaendelea kusugua. Ana mikono ya baba yake, mirefu, isiyo na haraka.

"Mama, nani alikuambia mlima ulikuwa wake?"

"Si yeye aliyepiga magoti?"

"Alitaka kunivalisha pete kwangu Kitale, ndani ya nyumba, tukiwa tunakula. Ni mimi nilikataa. Nikamwonyesha ule mlima dirishani, nikamwambia, nitakujibu pale juu, kwenye jiwe la mpaka. Si hapa chini." Akamwaga maji. "Ile video haionyeshi alivyofika. Kichwa kilimuuma, akatapika njia nzima. Askari akamwambia arudi, hakuna aibu, watu hurudi. Pale mwisho alitambaa, mama. Kwa mikono. Yale magoti ulikuwa unayacheka, hakuyapiga kwa mapenzi. Hakuwa na nguvu ya kusimama."

"Asi! Na wewe ukamwacha hapo na baridi, unamtazama tu? Moyo huo umeutoa wapi?"

"Wakati wa mazishi ya nyanya, Katangi," akasema, "wake wa wajomba waliketi mbele na leso zao. Wewe ulitumwa kuchota maji pamoja na wasichana. Nilikuwa darasa la sita. Ulirudi na ule mtungi ukisema hao wanawake ni wavivu, hawajui kazi. Ukawatukana njia nzima mpaka tukafika nyumbani." Hakuniangalia. "Nikasema mimi nitataka mtu anayefika. Hata kama ni mahali pa upuuzi. Aseme anaenda, aende, afike."

Nilikuwa na jibu. Mimi huwa nina jibu. Lakini nilichukua sufuria iliyokwisha kuoshwa nikaiosha tena. Machozi yalinitoka, sitadanganya, yakaingia kwenye maji ya sabuni. Kumbe mtoto aliona. Miaka yote hiyo nilidhani nimemfundisha kudharau, naye alikuwa amejifunza kitu kingine kabisa.

Kulipopambazuka nikatia nguo katika mfuko mmoja. Aloys alikuwa zizini, anawakatia majani mbuzi wa Lenny, kama kijana wa kazi.

"Nzembi, unaenda wapi?"

"Kwetu."

"Utarudi lini?"

"Mimi ni msichana wa Katangi, sijaolewa. Hayo waulize watu wangu."

Akashika boriti ya zizi. Ni mtu mzima sasa, goti la kulia limemharibika, na nywele zake zimeota mvi zilizonyooka kama za mahindi. Nilimpenda mtu huyu na bado nampenda, lakini asubuhi ile nilimdharau kwa dharau safi, isiyochanganywa na maji, na nilishangaa kuona kwamba ndiyo niliyokuwa nikiwagawia wengine siku zote. Pauline alipewa ya Aloys. Wake wa kaka zangu walipewa ya Aloys. Yule kijana na kamasi zake juu ya mawe, naye alipewa ya Aloys.

"Mambo yenyewe ni ya zamani sana, Nzembi," akasema. "Nitaanzia wapi?"

"Panda gari. Asubuhi unaondoka, saa sita uko Katangi unapewa chai. Hakuna ukungu. Hakuna mtu wa bunduki. Katangi si mlima, Aloys."

Nikaenda zangu. Nyumbani kwa Ndunda nilipewa kile chumba changu cha zamani, ambacho sasa wanaweka magunia, na mke wake, mmoja wa wale wa leso, akanikabidhi ungo wa mbaazi za kubambua. Hakunicheka. Nilingoja acheke ili nipate pa kuanzia, hakucheka. Tulikaa kibarazani siku baada ya siku, jua la nyika ile ya Yatta linachoma, maganda yanajaa miguuni, na kila gari liliposimama sokoni vumbi likapanda, nilijikuta nimenyamaza katikati ya sentensi. Mutheu alipiga simu. Nikamuuliza baba yake anakula nini. Akasema hajui, baba yake hayupo nyumbani sana siku hizi, anazunguka minada ya mifugo. Nikasema minada inafaa watu wasio na kazi. Kisha nikakata simu, nikakaa nimeishika.

Siku aliyokuja, watoto wa jirani ndio waliomwona kwanza, wakaja wakikimbia kusema kuna mzee anapigana na mbuzi huko barabarani. Nikasimama. Kutoka sokoni hadi kwa Ndunda ni mteremko mmoja na mwinuko mmoja, wa kokoto. Aloys alikuwa ameufikia mwinuko. Koti la Krismasi lilikuwa limepakwa vumbi mpaka halina rangi. Muthoka alikuwa nyuma na fimbo, anawaswaga mbuzi wawili. Aloys alimshika wa tatu, beberu mwekundu mwenye ndevu, ambaye alikuwa ameamua kwamba Katangi haendi. Mbuzi anavuta kushuka, mzee anavuta kupanda. Goti likamtoka, akaanguka kwa mikono kwenye kokoto, kamba hakuiachia. Akainuka nusu. Akaanguka tena. Wanawake sokoni walikuwa wakicheka, nilisikia.

Mdomo wangu ulikuwa tayari. Nilikuwa na maneno juu ya beberu, na juu ya koti, na juu ya mtu anayenunua mnyama bila kumtazama macho. Nikayameza yote, moja baada ya jingine. Nikaketi, nikavuta ungo mapajani.

Ndunda hakumkimbilia. Alivaa kofia kwanza, akatoa viti, akawaita wazee wawili wa jirani. Mbuzi wakafungwa. Aloys akapewa kigoda cha chini kabisa, akakaa, goti limenyooka mbele kwa sababu halikunjiki, suruali imechanika na damu kidogo inaonekana. Aliombwa kueleza shida yake. Muthoka akafungua kinywa ili amsemee kwa mafumbo, lakini Aloys akamzuia kwa mkono.

"Nilichelewa," akasema. "Mwaka wa kwanza ilikuwa ukame. Lakini baadaye ilikuwa aibu. Kila mwaka nikiutazama mlango huu, naona umepanda juu zaidi kuliko mwaka jana. Nikawa nauangalia tu kutoka chini. Baba amelala hapo nyuma bila kuniona. Nimekuja kuchelewa, lakini nimekuja."

Wazee wakatazamana. Ndunda akavua kofia akaiweka gotini, akanigeukia, kama mila inavyotaka, maana mbuzi wa ntheo hawachinjwi mpaka msichana mwenyewe aseme. Sauti yake ilikuwa ile aliyokuwa akimwigiza nayo baba yetu tulipokuwa watoto.

"Nzembi, binti wa nyumba hii. Huyu mtu unamjua? Mbuzi wake tuwale, au awarudishe kwao?"

Wote wakanitazama. Wifi yangu akaacha kubambua. Nilijua Mutheu ameketi Mitaboni na simu mkononi, na Lenny huko Mumbuni, na mbuzi wanene zizini kwetu, wote wananingojea mimi. Aloys aliinua uso. Jasho lilikuwa likimchirizika kando ya pua na hakulipangusa. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo, tangu nilipokuja kwake na mfuko wangu.

Jibu nilikuwa nalo, na beberu yule angeliwa; lakini kwanza Aloys angoje kidogo, kama Lenny pale kwenye jiwe. Nikachukua ganda jingine la mbaazi, nikalipasua taratibu, nikazitazama punje zake.